Ajira Portal, bahasha ya kaki au kuanza kwa kujitolea: ulinganisho kwa anayebadili kazi Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa shule binafsi Iringa mjini anataka kuingia kwenye ugavi. Dereva aliyechoshwa na foleni ya malori mpakani Tunduma anataka gari la ofisi na kulala nyumbani kwake. Dada mwenye stashahada ya uhasibu ameuza vitenge sokoni Mwanjelwa, Mbeya, tangu amalize chuo, na sasa anataka cheti chake kifanye kazi. Wote wanauliza swali moja: nianze kuomba wapi? Kabla hawajajibiwa, huwa wameshatengeneza furushi moja la CV, barua na vivuli vya vyeti, na kuanza kulirusha kila upande.

Maombi mengi hufia hapo. Njia kubwa za kuingia kazini huku kwetu ni tatu: mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni uitwao Ajira Portal, maombi ya moja kwa moja kwa mwajiri binafsi (baruapepe siku hizi, ingawa bahasha ya kaki haijafa), na kuanzia chini kwa kujitolea, kibarua au uanagenzi. Kila moja ina msomaji wake, naye ana jicho lake. Kosa linalokutoa kwenye njia moja huenda kwenye nyingine lisionekane kabisa.

Nitazipima zote kwa vitu vitano. Nani anasoma maombi yako na anatafuta nini. Itakugharimu nini, pesa na muda. Kazi yako ya zamani inahesabika au haihesabiki, jambo ambalo kwa anayebadili kazi lina uzito kuliko yote. Kosa gani linawaangusha wengi. Na njia hiyo inamfaa nani. Kipimo cha "ipi inalipa zaidi" nimekiacha makusudi. Mshahara unategemea cheo na mwajiri, na mwenye shahada aliyeanza kama kibarua Mafinga anaweza kumpita aliyeanzia ofisini, au asimpite.

AJIRA PORTAL

Nani anasoma

Maombi yanakwenda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Nafasi za wizara, wakala kama TFS inayosimamia msitu wa Sao Hill kule Mufindi, vyuo vya umma kama MUST pale Mbeya, na siku hizi nyingi za halmashauri, zinapita humo. Anayechuja ana tangazo mkononi na orodha ya sifa. Hadithi yako haimhusu. Hajali kwamba umesoma kwa shida wala kwamba una ndoto ya kuwatumikia wananchi. Ama unazo sifa zilizoandikwa, na umeambatisha ushahidi wake, ama huna.

Watu hulalamikia ukavu huu. Kwa mtu asiye na mjomba ofisini, mimi naona una faida yake: mchujo wa kwanza hauhitaji kujuana, unahitaji kusoma tangazo hadi mstari wa mwisho.

Gharama na muda

Kuomba ni bure. Anayekupigia simu akitaka "hela ya kusukuma faili" ni tapeli, hata akitaja jina lako kamili na kada uliyoomba. Majina ya walioitwa kwenye usaili hubandikwa hadharani, na matapeli nao wanayasoma.

Gharama halisi zinakuja baadaye. Msailiwa anajitegemea kwa nauli, chakula na malazi, na usaili una hatua: wa kuandika, wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha wa mahojiano. Kati ya tangazo na barua ya kuitwa kazini unaweza kupita msimu mzima wa mvua. Ukifaulu nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaingia kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa baadaye. Kwa hiyo kama una watoto na kodi ya nyumba, usiache kazi uliyonayo kwa sababu umeona jina lako kwenye orodha ya usaili.

Kazi ya zamani inahesabikaje

Hapa wabadili kazi wengi huumia. Serikali huajiri kwa muundo wa utumishi: kila cheo kina elimu yake maalumu, na uzoefu hauzibi pengo la elimu. Yule mwalimu wa Iringa anaweza kuwa ametunza stoo ya shule kwa miaka, lakini kama cheo cha afisa ugavi kinataka shahada au stashahada ya juu ya fani hiyo, miaka yake ya stoo haisogezi kitu. Kada nyingine zinadai na usajili wa bodi ya taaluma juu yake.

Mtazame dereva wa Tunduma. Amevuka mpaka na lori mara zisizohesabika, na kwa ufundi wa usukani hakuna wa kumfundisha. Tangazo la Dereva Daraja la II linataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C aliyoitumia kazini mwaka mmoja au zaidi bila ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Wengi wa barabarani wana leseni na uzoefu, ila hicho cheti cha tatu hawana. Wanaomba, wanakosa, wanasema kuna upendeleo. Dawa yake ni kozi fupi, na huanza kutafutwa kabla tangazo halijatoka.

Halafu kuna umri. Matangazo huweka ukomo wa miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari kazini serikalini. Anayebadili kazi akiwa na miaka 43 asiiweke njia hii mwisho wa foleni.

Kosa linalowatoa wengi

Kosa kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kimefuata tahajia ya afisa aliyeandikisha siku hiyo. Kwa majina yetu ya Mwa- huku Mbeya, herufi moja ikihama unakuwa mtu mwingine kwenye karatasi. Majina yakitofautiana utadaiwa hati ya kisheria inayothibitisha kwamba wote hao ni wewe. Haipatikani usiku mmoja, na wengi huanza kuitafuta wiki ya usaili.

Kosa la pili ni kuambatisha karatasi zisizokubalika. Hati za matokeo za muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya vyeti vyenyewe. Tangazo husema hivyo waziwazi, tena mara nyingi kwa herufi kubwa. Barua ya maombi isiyo na sahihi nayo ni kosa la namna hiyo hiyo. Ni dogo hadi likutoe.

La tatu linaanzia steshenari. Siku ya mwisho ya maombi, ingia steshenari yoyote karibu na stendi, Kabwe ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, uone. Kijana wa kompyuta ana watu kumi wanamsubiri, mtandao unasumbua, na kwenye mashine yake kuna faili moja la barua ambalo limeshaandika maombi ya nusu ya mtaa. Anabadilisha jina, anabadilisha cheo, anabonyeza. Ndiyo maana hukutana na barua ya mwanaume mwenye ndevu inayosema "mimi ni binti wa miaka 24". Hiyo angalau inachekesha. Isiyochekesha ni akaunti iliyofunguliwa kwa baruapepe ya steshenari, nywila anaijua yeye tu, na miezi mitatu baadaye kijana kahamia Makambako. Taarifa ya usaili inapokuja, inamfikia yeye.

Baruapepe iwe yako, namba ya simu iwe ile ambayo laini yake haitakufa, na nywila iandikwe mahali nyumbani. Anwani nayo ijazwe ya unapoishi sasa: usaili unapogawanywa kimikoa, aliyejaza Dar es Salaam kwa sababu ndiko alikosoma anaweza kujikuta anapanda basi kutoka Mbeya kwenda kuandika mtihani huko.

Ukikosa kuitwa, ingia kwenye akaunti yako kabla ya kulaumu. Mara nyingi sababu imeandikwa, na mara nyingi ni kiambatisho.

Inamfaa nani

Mwenye cheti kinachofanana na cheo neno kwa neno, anayeweza kusubiri, na asiyezidi miaka 45. Aliyeko serikalini tayari asidhani ni njia ya mkato ya kuhama kada. Maombi yake yanatakiwa kupitia kwa mwajiri wake, na kuna utaratibu wa ndani wa kubadilishwa kada ambao anapaswa kuuulizia kwa afisa utumishi kwanza.

BAHASHA YA KAKI NA BARUAPEPE

Nani anasoma

Kwa mwajiri binafsi mara nyingi ni mtu mmoja: afisa rasilimali watu, meneja wa kiwanda, mhasibu mkuu, wakati mwingine mwenye mali mwenyewe. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, viwanda vya mbao Mafinga, vituo vya kufungashia parachichi Njombe, wakoboaji wa mpunga Mbarali, wanunuzi wa kahawa Mbozi, benki, shule, hospitali za makanisa kama Ikonda, Ilembula na Tosamaganga: kila mmoja ana namna yake. Msomaji huyu ana shida inayomuuma leo. Stoo haieleweki, mhasibu kaondoka, msimu unakaribia. Anatafuta mtu wa kumpunguzia shida hiyo, na anasoma akiwa na simu sikioni.

Gharama na muda

Kutuma baruapepe ni bando tu. Kusaga soli ni nauli, na huku milimani nauli inauma: kutoka Mbeya mjini hadi kiwanda kilichoko ndani ya Mufindi, kwenda na kurudi, ni siku nzima na pengine kulala. Muda wa kujibiwa hautabiriki. Wengine wanakupigia kesho yake, wengi hawakujibu kabisa, na kimya chao hakina maelezo ya kusoma kwenye akaunti. Ukivuka wiki mbili au tatu bila jibu, simu moja ya heshima inaruhusiwa. Tano haziruhusiwi.

Misimu ina maana zaidi ya wengi wanavyodhani. Kampuni ya parachichi inayoajiri watu wa ubora na kumbukumbu inawatafuta kabla mavuno hayajaanza. Bahasha inayofika wakati malori yanapakia itawekwa juu ya kabati. Kahawa ya Mbozi huanza kuvunwa katikati ya mwaka, kwa hiyo anayeitaka kazi hiyo apeleke barua mapema.

Kazi ya zamani inahesabikaje

Inahesabika sana, ukiitafsiri. Hii ndiyo njia pekee kati ya tatu ambayo miaka ya mwalimu wetu inaweza kumnunulia kitu moja kwa moja. Ila CV yake ya sasa inasema hivi:

"Nimefundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano hadi la saba."

Mwenye kiwanda cha mbao anayetafuta mtunza stoo anasoma hapo na kuona mwalimu. Sasa aandike alichofanya kweli, kwa jicho la stoo:

"Nilipokea, kuandikisha na kugawa vitabu na vifaa vya shule nzima, kila mwisho wa muhula nilihesabu vilivyobaki na kuandika taarifa ya upotevu kwa mkuu wa shule."

Ni mtu yule yule, shule ile ile, bila uongo hata nusu. Tofauti ni kwamba sentensi ya pili ina maneno ambayo meneja anayatamka kila siku: kupokea, kuandikisha, kuhesabu, upotevu. Dada wa Mwanjelwa naye ana utajiri ambao hauoni. Daftari la mikopo ya wateja, mzigo unaotoka Tunduma, hesabu za jioni, kodi ya pango, makadirio ya kodi ya mapato ya TRA: huo ni uhasibu wa biashara ndogo, na uandikwe kwenye CV kama kazi. Ile nafasi tupu ya miaka tangu chuo ndiyo inayomtisha msomaji, na yeye anayo kazi halali ya kuijaza. Anaiacha tupu kwa kuona aibu ya kuandika "muuza vitenge".

Kosa linalowatoa wengi

Barua moja kwa waajiri wote. Msomaji anaitambua kwenye mstari wa pili, pale inaposema "katika kampuni yako tukufu" bila kuonyesha kwamba mwandishi anajua kampuni hiyo inakausha mbao au inakoboa mpunga. Barua ya anayebadili kazi inatakiwa ijibu swali ambalo msomaji lazima ajiulize: kwa nini mwalimu huyu anaacha ualimu, na kesho si atatuacha na sisi? Mistari miwili ya ukweli inatosha. Usikisimange kituo chako cha zamani. Anayesoma anajua atakuwa kituo cha zamani cha mtu siku moja.

Lugha ni jambo la kuamua mapema. Tangazo likiwa la Kiingereza, jibu kwa Kiingereza chako mwenyewe, sentensi fupi, kuliko kile cha kuazima mtandaoni kitakachokuumbua kwenye usaili. Likiwa la Kiswahili, barua ya Kiswahili fasaha inaheshimika.

Viambatisho vya baruapepe vina kasheshe yake. Cheti kilichopigwa picha kwa simu juu ya godoro, kidole kikionekana pembeni. Faili lenye jina "CV MPYA YA MWISHO 2". Mafaili tisa tofauti badala ya moja lililopangwa: barua, CV, vyeti. Na sehemu ya mada imeachwa wazi, hivyo meneja anayepokea barua za mahindi, mbolea na madai anaona ujumbe usio na jina. Andika cheo unachoomba na jina lako, basi.

Kuna kosa ambalo ni la miji midogo hasa. Mafinga, Makambako, Tukuyu: watu wanajuana. Ukimwandika bosi wako wa sasa kuwa mdhamini kabla hujamwambia unatafuta kazi, atapigiwa simu kabla hujafika nyumbani. Tafuta mdhamini aliyekuona ukifanya kazi lakini ambaye hashiki mshahara wako wa mwezi huu.

Inamfaa nani

Mwenye uzoefu unaotafsirika, mwenye cheti kisicholingana moja kwa moja na kazi anayoitaka, na yeyote aliyevuka miaka 45. Haimfai anayeshindwa kuvumilia kimya.

KUJITOLEA, KIBARUA NA UANAGENZI

Nani anasoma

Karibu hakuna anayesoma. Anayekuamua ni msimamizi wa zamu, fundi mkuu, mkuu wa shule au mganga wa zahanati, na anakusoma kwa macho: umefika saa ngapi, umeuliza nini, simu umeiweka wapi. Karatasi zinazotakiwa ni chache, mara nyingi barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji na wadhamini wawili. Kwa shule na zahanati za umma, barua ya kuomba kujitolea huandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mkuu wa kituo. Serikali nayo ina programu za mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, na TaESA, kitengo cha serikali cha huduma za ajira, ndiyo pa kuulizia.

Gharama na muda

Inaonekana ya bure na ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu unalipa kwa miezi. Kibarua kinalipwa, japo kidogo. Kujitolea mara nyingi hakulipwi, au unapewa nauli. Ongeza chakula cha mchana, na kwa Makete au Mufindi ongeza gambuti na sweta nzito. Juni na Julai kule hakuna mzaha, na anayetetemeka shambani saa moja asubuhi haonekani kama mtu wa kudumu.

Kazi ya zamani inahesabikaje

Siku ya kwanza, haihesabiki. Hapo ni mikono. Baada ya wiki chache inaanza kujitokeza yenyewe: mwalimu ndiye anayeombwa aandike taarifa, muuza duka ndiye anayepewa ufunguo wa stoo ndogo. Usiilazimishe. Mwenye shahada anayeitaja shahada kila mapumziko ya chai huwachosha watu ambao ndio watakaoulizwa "yule mgeni vipi?"

Kwa mwenye ujuzi wa mikono asiye na cheti, hapa kuna kitu cha thamani ambacho hakisemwi vya kutosha. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi seremala, mwashi, fundi magari anapimwa kwa anachokijua, akifaulu anapata cheti. Aliyejifunza useremala kwa kaka yake Mafinga anaweza kutoka na karatasi. Vyuo vya VETA vipo Iringa na Mbeya, kaulize huko huko.

Kosa linalowatoa wengi

Kuanza bila maandishi. Mtu anajitolea mwaka mzima, msimamizi aliyempokea anahamishwa, na anayekuja hana hata daftari linaloonyesha kwamba huyu aliwahi kuwepo. Siku ya kuomba kazi kwenye njia zile mbili za juu, mwaka huo unakuwa maneno matupu. Omba barua ya kukupokea yenye tarehe, na ukiondoka omba barua inayotaja ulichofanya. Isiseme tu kwamba "alikuwa mtiifu". Itaje kazi: alipokea sampuli, aliendesha mashine ya kuranda, alifundisha kidato cha pili.

Lingine ni kutopanga mwisho. Kujitolea kusiko na tarehe ya kutathminiana kunageuka kazi ya bure, na mwajiri anaizoea. Miezi mitatu ikifika, kaa na msimamizi umuulize waziwazi kama kuna nafasi mbele. Akikujibu "tutaona" mara mbili, umeshajibiwa.

Ukianza kulipwa, ujue ulipo kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na muda wa majaribio haupaswi kuzidi miezi kumi na miwili. Anayekuambia uko "kwenye majaribio" mwaka wa pili anakupiga danadana.

Inamfaa nani

Asiye na uzoefu wowote wa kazi mpya, mwenye pa kulala na kula kwa miezi kadhaa, na fundi anayejenga ushahidi. Mwenye familia inayomtegemea aanze na kibarua chenye malipo au ajitolee siku mbili kwa wiki huku biashara yake ikiendelea.

KWA HALI YAKO

Una cheti kinachofanana kabisa na tangazo la serikali na majina yako yanalingana: anza na Ajira Portal, omba siku za mwanzo, kisha peleka barua kwa waajiri binafsi wakati unasubiri. Njia hizi mbili hazigombani, mradi kila moja ipate karatasi zake.

Majina hayalingani: yashughulikie mwezi huu hata kama hujaona tangazo. Wakati hayo yanaendelea, mwajiri binafsi na kujitolea vyote viko wazi kwako, kwani huko tofauti ya herufi moja huwa haizuii sana.

Una cheti cha fani mpya lakini hujawahi kuigusa, kama dada wa Mwanjelwa: bahasha kwanza, duka likiandikwa kwenye CV kwa kichwa juu. Kama miezi miwili mitatu itapita kimya, tafuta ofisi ya kujitolea siku chache kwa wiki ambako utagusa vitabu vya hesabu halisi, na uendelee kuomba ukiwa humo.

Una uzoefu lakini huna cheti cha fani mpya, kama mwalimu wa ugavi: Ajira Portal isubiri. Omba kwa binafsi kwa CV iliyotafsiriwa, na uanze kozi ya jioni au ya likizo kama unaweza, kwa sababu baada ya miaka miwili utataka njia zote ziwe wazi.

Una ujuzi wa mikono na leseni: nenda VETA kabla ya kwenda popote. Kwa dereva wa Tunduma, kozi ile ya msingi ndiyo pengo lake lote. Akishaipata anaweza kuomba serikalini na hospitali ya misheni ndani ya wiki moja.

Umevuka miaka 45 na hujawahi kuwa serikalini: usipoteze bando kwenye Ajira Portal. Mwajiri binafsi anaweza kukuona wewe ni mtu aliyetulia kuliko kijana, na barua yako iseme hivyo kwa vitendo, ikitaja funguo ulizoachiwa, fedha ulizotunza na watu uliowasimamia. Ipeleke mwenyewe, asubuhi, siku isiyo ya mnada.